Jino la Kibogoyo

Miaka yote aliyofanya kazi katika kiwanda kile cha uchapaji, Fundi aliomba kitu kimoja tu, na hakupewa. Hakuomba kupandishwa cheo wala hakuomba kiti cha kukalia. Aliomba gia. Gia moja ya chuma, kubwa kama sinia, yenye meno yote kinywani. Mwenye kiwanda, Mungu amrehemu, alimsikiliza kila mara kwa adabu zote, kisha akamuuliza swali lile lile.

"Inachapa au haichapi?"

"Inachapa."

"Basi iache ichape."

Ikaachwa. Ilikuwa mashine ya silinda, kuukuu tangu siku iliyonunuliwa. Herufi zililala kwenye kitanda cha chuma kilichokwenda mbele na kurudi nyuma, na juu yake silinda ikazunguka ikiwa imeibana karatasi. Mlishaji alisimama juu ya ngazi fupi, akiiwekea karatasi moja moja kwa mkono. Katika gia yake kubwa lilikosekana jino moja na nusu ya jino la jirani, na kila pengo lilipofika zamu yake, mashine iligonga: ko. Haikuwa kelele ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu mstaarabu anayebisha hodi kwenye mlango ambao anajua wenyewe wamo ndani.

Wafanyakazi wakaiita Kibogoyo. Wakamzoea, na mwishowe wakamtegemea. Walishaji waliokuja baadaye walifundishwa kazi kwa pengo hilo: akigonga, weka karatasi, akinyamaza, chukua nyingine. Mlishaji aliyelelewa na Kibogoyo akipelekwa kwenye mashine nzima alibaki mikono hewani, hajui aishushe lini. Watu walicheka. Fundi hakucheka, maana yeye alijua jino lile lilivyokwenda.

Lilikwenda na vidole vya shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa mwisho wa mkewe, alikuwa kijana wa maneno mengi na kazi hana, na Fundi ndiye aliyemwombea nafasi. Alikwenda ukweni akasema mbele ya watu kwamba atamtazama kama mboni ya jicho lake. Akamtazama kweli. Akamfundisha kupepeta karatasi zisishikane, kusimama bila kuchoka, kutovaa mikono mirefu. Kisha mchana mmoja karatasi ikajikunja ndani. Kijana akasimamisha mashine kama alivyofundishwa, akaingiza mkono wenye spana alegeze kibanio, na klachi, ambayo ilikaguliwa wiki ile ile ikaonekana haina neno, ikashika yenyewe. Silinda ikazunguka. Spana ikaingia kwenye gia, ikavunja jino moja na nusu, ikakwama, na mashine nzima ikasimama. Kama si spana ile, ungekwenda mkono wote mpaka begani. Vilikwenda vidole vitatu na kipande cha kiganja.

Hakuna aliyelaumiwa, si kiwandani wala ukweni, na hilo ndilo lililomkaa Fundi kooni. Mtu akikulaumu, angalau unalo la kujibu.

Kijana alipopona akapewa ubawabu. Kila gari lililoingia alilipigia saluti kwa mkono wa kushoto, amekakamaa kama yuko kwenye gwaride, na jina lake likawa Saluti tangu hapo. Maneno hayakumpungua. Ila mkono wa kulia ulihamia mfukoni, ukaishi huko. Na kwa kuwa geti lilitazamana na mlango wa karakana, Saluti alimsikia Kibogoyo kutwa nzima: ko, ko, ko. Fundi, ameinamia rola zake, alijiuliza mtu anawezaje kukaa kitako na kusomewa ajali yake tangu asubuhi hadi jioni, mpaka mvi zinamwota. Ndiyo maana aliomba gia. Hakuiombea mashine.

Kumuuliza Saluti mwenyewe, hakuwahi. Walikula pamoja kila Jumapili, wakataniana kama mashemeji wanavyotaniana, wakazungumza mpira na kodi za nyumba na ndoa za watoto. Vidole havikutajwa. Mke wa Fundi naye hakukanyaga kiwandani tangu siku ile, na mashine ile haikuwa na jina ndani ya nyumba yake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wahenga hawakuwa na shemeji.

Basi siku zikaenda, wote wawili wakastaafu, na kiwanda kikafungwa. Ukumbi uliuzwa ugeuzwe bohari, mashine zikauzwa kwa watu wa vyuma chakavu, kwa uzito wake, kama viazi. Kabla hazijakatwa, Meneja, ambaye ni mtoto wa yule marehemu, akampigia Fundi simu.

"Mzee, kuna dada mmoja wa makumbusho anataka kurekodi mashine. Kibogoyo anaweza kuzunguka?"

"Anataka kupiga picha?"

"Hapana, sauti."

"Sauti tu?"

"Sauti tu. Wataziweka huko, watu waje wasikilize. Watoto wa shule, wageni."

Fundi akakaa na simu sikioni. Alichokiona kilikuwa wazi: jino la shemeji yake limehifadhiwa kwenye jumba la serikali, watoto wa shule wanalisikiliza huku wanatafuna pipi, wanauliza mbona inagonga, na mwalimu hajui. Geti lilikuwa limefungwa, kelele imekwisha, na sasa wanataka kuifanya isiishe milele.

"Atazunguka," akasema. "Nipe siku chache nimtengeneze."

Pembeni mwa ukumbi palikuwa na mashine nyingine ya aina ile ile, pacha wa Kibogoyo, iliyokufa mota zamani. Mota ilikuwa imekufa lakini gia ilikuwa nzima, na mwenye kusema hapana hakuwapo tena. Fundi akafungua boliti zilizogandana kwa kutu, akazimwagia mafuta, akazisubiri, akazitukana kwa sauti ya chini, zikaachia. Akaishusha gia kwa mnyororo. Akamfungua Kibogoyo naye, akamtoa ile yenye pengo, akaibingirisha mpaka nje kwenye lundo la vyuma. Umri haukumruhusu kazi hiyo, na mgongo ulimwambia hivyo kila alipoinuka, lakini hakutaka msaidizi. Lori la vyuma chakavu lilipokuja kuchukua shehena ya kwanza, alisimama mlangoni akaitazama gia ikitupwa juu na kuondoka. Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akawasha mota.

Mashine ikazunguka laini, kama haijawahi kuumwa. Pale pa kugonga pakapita kimya. Fundi alisikia furaha ambayo hakuisikia siku aliyopewa saa ya ukutani ya kustaafu. Jioni hiyo akampigia Saluti.

"Alhamisi njoo kiwandani, shemeji. Wanarekodi mashine."

"Na mimi nitarekodiwa? Maana mimi sauti ninayo."

"Wewe njoo tu usikilize."

Alhamisi Saluti alikuja na shati lililopigwa pasi, kiatu kimeng'aa, amenyoa ndevu. Fundi aliona yote hayo, hakuyafasiri.

Dada wa makumbusho alikuwa amekwisha fika, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya raba, hedfoni shingoni na mabegi mawili ya waya. Aliwaamkia wazee wote wawili, kisha akaanza na vitu vidogo. Alirekodi mkasi mkubwa wa karatasi ukishuka. Alirekodi mashine ya kushonea vitabu, droo za herufi zikivutwa na kurudishwa, mota ikiwaka peke yake bila mkanda. Kwa Kibogoyo alitega maiki nne: moja kwenye meza ya karatasi, moja ikining'inia juu, moja karibu na gia, na ya nne akaibandika kwenye mwili wa mashine kama daktari anavyobandika kile kifaa chake kifuani mwa mgonjwa. Akaomba watu wote watulie.

"Unarekodi nini sasa?" Saluti akanong'ona. "Mbona haijawashwa?"

"Ukimya wa chumba, baba. Kila chumba kina wake."

"Huo ungesema mapema. Nyumbani kwangu, mke wangu akinuna, unaweza kujaza begi."

Dada akacheka, ikabidi aanze upya. Alipomaliza akainua kidole, na Fundi akawasha.

Kibogoyo akazunguka. Kitanda kikaenda na kurudi, rola zikapokezana, vibanio vikafunguka na kufunga. Kila kitu kilipita mahali pake, na Dada, macho amefumba, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini Fundi hakumtazama yeye. Alimtazama Saluti, kwani mtu akipeleka zawadi hutazama uso wa anayeifungua.

Saluti alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasubiri. Silinda ikapita mahali pa kugonga, bega lake likainuka kidogo, likashuka. Ikapita tena, bega likainuka tena. Kisha akageuka, akatoka nje, akaenda zake getini.

Fundi hakuweza kumfuata, maana mashine haiachwi ikizunguka. Akasubiri Dada atoe ishara kwamba inatosha, akazima, akajifuta mikono, akatoka. Alimkuta Saluti ameegemea kibanda chake cha zamani, ambacho kioo chake kilikuwa kimeshaibwa.

"Mbona umeondoka, shemeji?"

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Kibogoyo."

"Si yule pale."

"Yule simjui."

Basi Fundi akamweleza. Akamweleza pacha, boliti, mnyororo, jinsi mwenye kiwanda alivyokuwa akimnyima na jinsi yeye hakuchoka kuomba. Alieleza kwa fahari, akingoja kuona uso ule ukifunguka. "Nimekuondolea," akamaliza.

"Nani alikuambia uniondolee?"

Fundi akakitazama kitambaa cha mafuta mkononi mwake.

"Nikuulize," Saluti akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Pale juu ya ngazi nilisimama muda gani? Hata kalenda haikuisha. Maisha yangu yote yaliyobaki nimefungua geti na kufunga geti. Hiyo si kazi ya kumwambia mtu. Lakini kila karatasi iliyotoka humu ilingoja lile pengo ligonge ndipo iwekwe. Daftari za shule, magazeti, kadi za harusi za watu. Wale walishaji wote waliokuja, nani aliyewafundisha lini waweke? Nilikuwa nakaa hapa nasikiliza, najiambia, haya, bado niko kazini."

"Mimi nilidhani linakutonesha."

"Mwanzo, ndiyo. Baadaye siku ambazo mashine haizunguki ndizo zilizonitonesha. Si ungeniuliza?"

"Na wewe si ungesema?"

"Niseme nini? Niseme nalipenda jino lililonila vidole? Ungenipeleka hospitali ya vichaa." Akautazama mlango wa karakana. "Leo wamekuja kutuweka makumbusho. Wewe umo, unasikika kwenye kila rola. Mimi umenitoa."

Fundi aliona aibu. Haikuwa aibu ya kukosea kazi, maana kazi ilikuwa safi. Ilikuwa aibu ya mtu mzima aliyejiona mwema kwa miaka mingi na sasa anaambiwa wema wake ulikuwa wa kazi gani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alikuwa amemhurumia mwenye kitanda kwa kunguni hao bila kukilalia, kisha akakichoma kitanda.

Akatoa simu akawapigia watu wa vyuma chakavu, wakamjibu: Gia? Mzee, shehena ile imeshavunjwavunjwa, ipo kwenye tanuri. Na sisi tuko njiani, mchana huu tunakuja kumalizia zilizobaki, mwambie Meneja atufungulie.

Alirudi ndani akamwambia Dada ukweli, kwa maneno machache: mashine aliyoirekodi haikuwa yao. Dada hakubisha, wala hakutazama saa. Aliuliza swali moja tu, kama ile yao inaweza kupatikana. Fundi akasema atajaribu. Dada akabadilisha betri, akakaa juu ya rundo la karatasi akingoja.

Jaribio la kwanza lilikuwa la mtu mwoga. Fundi alilegeza boliti ya kifuniko cha pembeni, akaweka bati chini yake, akawasha. Mashine ikagonga kila mzunguko. Saluti, ambaye alikuwa amerudi na kusimama mlangoni, hakuhitaji kusogea.

"Hiyo boliti imelegea. Unamdanganya nani, shemeji?"

Fundi akazima. Akang'oa fyuzi akaitia mfukoni, akafungua kifuniko cha gia, akaleta tindo na nyundo. Hapo akakwama. Tangu alipoanza ufundi alikuwa na sheria moja aliyoihubiri kuliko nyingine zote: nyundo ni ya misumari, mashine haipigwi. Alishawahi kumfukuza karakanani mtu aliyeigonga rola kwa ubao. Sasa gia nzima ilikuwa mbele yake, meno yote yamepangika, yanang'aa kwa grisi aliyoipaka mwenyewe, na mkono ulikataa.

"Na hata nikivunja," akasema, kana kwamba anatafuta upenyo, "sijui ni lipi. Ile gia ilikuwa na alama yake. Hii inaanzia kokote. Nikikosea, atagonga si wakati wake."

Saluti akaja. Akapanda juu ya ngazi ya mlishaji, akamwambia azungushe kwa mkono, polepole. Fundi akakamata gurudumu akazungusha. Vibanio vikaanza kufunguka.

"Hapo. Rudisha kidogo. Hapo."

Akautoa mkono wa kulia mfukoni. Akauingiza ndani ya mashine, taratibu, pale pale ulipoingia siku ile, na kwa kidole gumba akaligusa jino. Fundi alikuwa hajauona mkono ule wazi kwa karibu tangu vitambaa vya hospitali. Ulikuwa mkono tu, umepona vizuri, ngozi yake imezeeka sawa na ya mwingine.

"Hili," Saluti akasema. "Na nusu ya hili la chini."

Fundi akaweka tindo kwenye shina la jino. Akainua nyundo, akaishusha bila kupiga. Akainua tena. Mwishowe Saluti akateremka kwenye ngazi, akaipokea nyundo kwa mkono wa kushoto.

"Wewe shika tindo. Mimi nipige."

"Mkono huo umewahi kupiga nini zaidi ya saluti?"

"Kweli. Basi toa vidole. Tutafute koleo uishikie kwa mbali."

Koleo lilikuwapo, kwenye sanduku, hatua chache tu. Fundi alijua lilipo. Akakaza vidole kwenye tindo.

"Piga."

"Nikikosea?"

"Ukikosea tutanunua glavu pea moja tugawane."

Dada akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kurekodi hili nalo. Saluti akatikisa kichwa. "Hili si la makumbusho, mwanangu." Dada akazivua hedfoni akaziweka mapajani.

Pigo la kwanza liliteleza. Nyundo ikachuna kifundo cha kidole cha Fundi, damu ikatoka, tindo haikusogea. Saluti akamtazama. Alimtazama muda, akaona kwamba vidole haviondoki, na kwamba havikuwekwa pale kwa kusahau. Mdomo wake ulitaka kusema kitu cha kuchekesha, kama kawaida yake, haukukipata. Macho yakamjaa machozi. Akayafuta kwa bega, akapiga la pili. Jino likaruka, likalia sakafuni. La tatu likachukua nusu ya jirani yake, imekatika vibaya, hivyo hivyo kama ilivyokuwa.

Fundi akafunga kifuniko, akarudisha fyuzi. Damu aliifunga kwa kitambaa cha kufutia wino.

"Panda," akamwambia shemeji yake.

"Nipande wapi?"

"Mashine ya silinda haikamiliki bila mlishaji. Unataka dada arekodi mkokoteni?"

Saluti akapanda. Akapepeta bunda la karatasi kwa mkono mmoja, akilisaidia kwa kifua, akasimama. Mota ikaunguruma, mkanda ukashika, kitanda kikaondoka. Ko. Mkono wa kushoto ukashusha karatasi, vibanio vikaichukua. Ko. Ya pili ikaingia imepinda, ya tatu ikanyooka. Baada ya hapo hakukosea tena. Karatasi zilitoka upande wa pili nyeupe, maana wino haukuwapo, zikajipanga moja juu ya nyingine, na Fundi akasimama mahali pake pa zamani karibu na rola, sikio lake kwenye mashine na jicho lake kwa mlishaji. Watu wa vyuma chakavu walifika na mitungi yao ya gesi, Meneja akiwa mbele. Walitaka kuingia. Dada aliinua mkono bila kugeuka, wakasimama mlangoni, wakasubiri mpaka bunda likaisha.

Kibogoyo alianza kukatwa alasiri hiyo hiyo. Wale wawili hawakubaki kutazama. Dada aliwatumia sauti kwenye simu ya Saluti, akawashukuru, wakaondoka kwa miguu mpaka nyumbani kwa Fundi, ambako chakula kilikuwa tayari ingawa haikuwa Jumapili.

Mke wa Fundi aliona kitambaa kabla hajaona kingine chochote.

"Umefanya nini mkono?"

"Nimegongwa na nyundo."

"Na nani?"

"Na mdogo wako."

Akamgeukia mdogo wake, akamkuta ameweka simu mezani, katikati ya sahani. "Dada, kaa usikilize kitu," Saluti akasema. Akabonyeza.

Mwanamke aliitambua kabla ya sekunde chache kupita. Hakuwa ameisikia tangu alipokuwa akimpelekea mumewe chakula enzi za ujana, na wakati huo mashine ilikuwa nzima, lakini mlio wa kitanda kile haufanani na mwingine. Uso ukamkaza. Akanyoosha mkono aizime, kisha mkono ukasimama hewani.

"Kuna kitu kinagonga," akasema.

Fundi akafungua kinywa aeleze kwamba ni gia, kwamba pengo likifika zamu yake jino linalofuata huanguka kwa kishindo. Akakifunga.

"Ni mimi huyo, dada," Saluti akasema.

Dada yake akamtazama, akautazama mkono wa kulia, ambao leo ulikuwa juu ya meza kama mikono ya watu wote. Akaichukua simu, akaiweka sikioni, akavuta kiti akakaa. Chakula kikapoa. Akasikiliza mpaka sauti ikakatika, kisha akamrudishia mdogo wake simu, akamwambia aianze tena tangu mwanzo.